Huko Hakuna Kitu

Bi Tokiko alitua Maskati na begi moja,
kofia ya ukili, na swali lisilomo katika bei zangu:
"Wapi humpeleki mtu?"

Nikamtajia Nizwa. Akatikisa kichwa.
Nikamtajia Salala, manyunyu yake, minazi yake.
Kichwa kile kile.
Nikacheka cheko la mtu aliyeulizwa umri:
"Kuna kwetu, Ibri. Lakini huko hakuna kitu."
Akafunga mkanda.

Saa tatu za lami, na mimi natunga udhuru:
jua, vumbi, mkahawa wenye mlango uliokwama
tangu mwenyewe ahamie Sohari.
Milima imekaa kando kando, imenuniana.
Yeye anaiangalia mmoja mmoja
kama anayetafuta ndugu katika picha ya shule.

Mnadani alinishika mkono, tusimame.
Mbuzi wanazungushwa, wenyewe wanapaza bei
kama wanaotukanana kwa mapenzi.
Yule mweusi mwenye sikio jeupe, riali ngapi?
Mia na arubaini.
Akatoa kidaftari, akaandika.
Mpaka leo sijui kwa nini.

Kisha Bat, makaburi ya mawe,
mizinga ya nyuki isiyo na nyuki,
safu nzima mgongoni mwa kilima,
kazi ya watu ambao hata majina yao yamezikwa.
Pale ndipo tulipocheza kibe.
Nilijificha ndani ya miaka elfu tano,
mama akaniita wali unapoa,
nikatoka mbio, magoti meupe kwa vumbi,
nisijue nilikotoka.
Bi Tokiko alivua kofia,
akainama kidogo mlangoni,
kama abishaye hodi
na yuko radhi asijibiwe.

Sleif, nyumba za udongo zinarudi udongoni polepole,
dari moja imebaki, boriti zake za mtende.
Chini yake falaji bado inapita,
haina habari kwamba watu wamehama.
Akatia miguu. Visamaki vikamdonoa vidole.
Ndipo nilipomsikia akicheka,
mwanamke wa miaka sabini na mbili,
kicheko cha mtoto aliyetoroka madrasa.

Mama alimpokea kwa Kiswahili cha Tabora,
hakumwacha aseme neno:
"Umekonda mwanangu, huko kwenu hamli?"
Akajibiwa kwa Kijapani, maneno mengi, taratibu.
"Anasema kweli," mama akaniambia,
akamwongezea mandazi.
Sikuthubutu kuuliza kweli gani.

Alasiri nikampeleka lami inakoishia,
mchanga unakoanza na hauna haja ya kwisha.
Akachota, akaumwaga kati ya vidole,
akachota tena.
Kwa Kiingereza chetu cha kuunga unga akasema:
kwao Tottori upo mchanga,
vilima vyake vinateremka hadi baharini,
na mwezi wa Januari
theluji huuangukia.

Theluji. Juu ya mchanga.
Nikamtazama kuona kama jua limemzidi.
"Ikiyeyuka, je?"
"Mchanga unainywa."
Akapangusa viganja.
"Watu wa Tokyo husema,
huko hakuna kitu."

Hatukusema tena mpaka taa za mji.

Mama anapiga simu kila Ijumaa:
yule mgeni wangu wa theluji hajambo?
Mwambie mbuzi mwenye sikio jeupe ameshauzwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa na Wajerumani wawili.
Walitaka Nizwa, ngome yake, vyungu vyake.
Nikawapeleka Nizwa.
Penye kibao cha Ibri nikapunguza mwendo,
nikapunguza tena.
Hawakuuliza.